Kabla ya kumpima mtoto mwenye usonji, mtazame anachofanya akiachwa huru

Wazazi wanaokuja kwenye kitengo chetu cha elimu maalumu hapa Mbeya huwa na swali moja, na wengi hulitoa kwa sauti ya chini mtoto akiwa pembeni: "Mwalimu, huyu ana akili kweli?" Nawaelewa. Mtoto ana usonji (kwa Kiingereza autism), yaani ubongo wake umekua kwa namna inayofanya mawasiliano na hisia zake ziwe tofauti na za wengine. Hasemi, au anarudia tangazo la redio neno kwa neno. Hakutazami usoni. Bodaboda ikipita anaziba masikio na kulia. Huko alikotoka aliulizwa maswali ya mdomo, hakujibu hata moja, akaandikiwa kwamba hafundishiki.

Tatizo liko kwenye kipimo. Mwaka 2007 watafiti wa Montreal, Kanada, akiwamo Michelle Dawson na Laurent Mottron, walichapisha matokeo ya kuwapima akili watoto wenye usonji kwa njia mbili. Ya kwanza ni jaribio la Wechsler, ambalo nusu hivi ya sehemu zake humtaka mtoto asikilize maelezo na ajibu kwa maneno. Ya pili ni la Raven: mtoto anaoneshwa mchoro wenye pengo, chini yake kuna vipande kadhaa, na yeye anagundua kanuni ya mchoro huo kisha anagusa kipande kinachofaa. Kwa Wechsler, kwa wastani watoto hao waliwazidi wenzao 26 hivi kati ya 100 wa rika lao. Kwa Raven, watoto walewale wakawazidi 56 hivi. Wasio na usonji hawakuwa na tofauti kama hiyo. Dawson mwenyewe ana usonji, na kabla ya utafiti alikuwa mfanyakazi wa posta. Hilo nalithamini sana, kwa sababu safari hii swali liliulizwa na mtu anayeyajua maisha hayo kwa ndani.

Kuona mpangilio kabla hujaambiwa kwamba upo, na kunasa kilichoukiuka, ndiyo kazi ya sayansi kila siku. Watu wengi wenye usonji huanzia hapo, kwenye vitu vidogo ambavyo sisi tunavipita.

Nina mwanafunzi ambaye bibi yake anauza maharage. Alimpa kazi ya kuchambua: atoe mawe na punje zilizooza. Kijana akayatoa, kisha hakuacha. Akaanza kutenga mafungu mawili ya maharage ambayo kwangu yote yalikuwa ya njano. Nilichukua punje moja moja, nikaziweka kiganjani juani, ndipo nikaona. Moja ilikuwa na duara la kahawia lililokolea kuzunguka kitovu. Ya pili duara lake limefifia na punje yenyewe imeviringana zaidi. Zilikuwa mbegu mbili tofauti zilizochanganywa gunia moja. "Ananichelewesha tu, mwalimu," bibi akasema. Lakini pale Uyole, wanakozalisha aina mpya za maharage, kutenga punje ngeni ni sehemu ya kazi, na inahitaji jicho la namna hiyohiyo.

Ukitaka mfano unaojulikana duniani, yupo Temple Grandin wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1947 na kuchelewa kusema hadi alipokaribia miaka minne. Leo ni profesa wa sayansi ya wanyama. Anasema yeye hufikiri kwa picha. Ng'ombe walipogoma kupita kwenye njia zao za uzio, aliingia humo mwenyewe na kuinama usawa wa macho yao. Akaona mnyororo unaoning'inia, koti lililotundikwa kwenye uzio, kivuli sakafuni, mwanga unaomeremeta kwenye dimbwi. Koti likiondolewa, ng'ombe wanapita. Aliyewahi kusimama joshoni huko Mbarali, mifugo imegoma na vijana wanazidisha fimbo, anajua jicho hilo lina thamani gani.

Sisemi kila mtoto mwenye usonji ana kipaji kilichojificha. Wapo watakaohitaji kulishwa na kuvishwa maisha yao yote, na haki yao ya darasa na heshima haisubiri wavumbue kitu. Hata wenye uwezo huo hulipa gharama yake. Mtoto anayenasa tofauti ya punje ananasa pia kila kelele ya soko la Mwanjelwa na kila uzi wa sweta la shule. Baridi ya Juni ikiingia na mtoto akalivua sweta darasani, msimchape. Mtafutieni fulana laini ya kuvaa ndani.

Kwa hiyo siku ya kwanza siulizi maswali. Naweka mkekani vifuniko vya chupa, punje, vipande vya kitenge na nyaya, kisha nakaa kimya na daftari. Naandika anapanga nini, kwa kufuata rangi, ukubwa au mlio, na anarudia kipi. Mzazi, ukija kwetu, niletee habari hizohizo za nyumbani, hata kama unaziona za kipuuzi, hata kama ni kupanga viatu vya wageni mlangoni. Nitaanza kumfundisha kuhesabu kwa viatu hivyo.