Isoma tete na jinsi infraredi inavyozitambua

Mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Moshi aliniuliza swali lililonifurahisha sana: ikiwa molekuli mbili zina atomi zilezile kwa idadi ileile, mtu atajuaje kwamba ni mbili tofauti?

Molekuli za namna hiyo huitwa isoma. Chukua shanga tatu, nyeupe, nyeusi na nyekundu, uzitunge kwenye uzi. Ukiihamisha ile ya katikati hadi pembeni umepata mkufu mwingine, ingawa mizani haitaona tofauti yoyote. Mfano ninaoupenda unatoka kwenye muhogo mchungu. Sumu yake, sianidi ya haidrojeni, ina atomi tatu zilizopangika hivi: haidrojeni, kaboni, naitrojeni. Sumu hiyo ina ndugu yake, ambaye kwake haidrojeni imehama upande na kuishika naitrojeni. Wote wawili wana uzito wa 27. Huyo ndugu wa pili ndiye isoma tete.

Neno tete lisitupotoshe. Wengi hudhani molekuli tete huvunjika yenyewe papo hapo, na hapo ndipo somo linapowaponyoka. Huyu ana nishati kubwa kuliko mwenzake kwa takriban kilojuli 60 kwa moli, lakini ili ageuke lazima kwanza apande mlima mrefu zaidi ya huo. Akiwa peke yake hageuki kwa urahisi. Kinachommaliza ni kugongana na molekuli nyingine na kuta za chombo. Basi kazi ya kwanza ni kumtenga.

Mwaka 1954 George Pimentel na wenzake huko California walieleza njia ya kumtenga: molekuli chache huchanganywa na gesi nyingi isiyopenda kuungana na chochote, kisha mchanganyiko hugandishwa. Siku hizi gesi ya agoni hutumika sana, na hugandishwa juu ya kidirisha cha chumvi kilichopozwa hadi karibu nyuzi 263 chini ya sifuri. Barafu ya Kibo ni moto ukilinganisha. Kila molekuli hubaki imenaswa peke yake. Agoni yenyewe hainyonyi miale ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho ulio nje kidogo ya wekundu, kwa hiyo haivurugi kipimo.

Sasa miale hupitishwa. Fikiria kifungo kati ya atomi mbili kama springi: kikiwa kigumu hutetema haraka, atomi zikiwa nzito hutetema polepole. Molekuli hunyonya miale inayolingana na mitetemo yake, nasi tunaona mapengo kwenye mwanga uliobaki. Mapengo hayo hupimwa kwa idadi ya mawimbi katika sentimita moja. Sumu ya muhogo ikiwa gesi, haidrojeni yake hutetema kwenye 3,311; ya ndugu yake, kwenye 3,653. Mtetemo wa kupinda ni 712 kwa wa kwanza na 464 tu kwa wa pili, maana haidrojeni iliyoshika naitrojeni hupinda kwa wepesi zaidi. Ndani ya agoni namba hizi husogea kidogo, lakini hazichanganyiki.

Je, pengo moja linatosha kuwa ushahidi? Mimi nasema halitoshi, kwani uchafu kidogo unaweza kukudanganya. Jaribio linaloniridhisha ni kurudia kazi yote kwa haidrojeni nzito, deuteri. Pengo la 3,653 hushuka hadi karibu 2,790, ilhali lile la naitrojeni na kaboni, lililokuwa karibu na 2,024, hushuka kidogo tu. Mshuko huo mkubwa unaonyesha pengo la juu ni la haidrojeni. Namba zote zikilingana pia na hesabu za kompyuta, mpangilio wa atomi umejulikana.

Mwaka 1963 Milligan na Jacox, nchini Marekani, walimtambua ndugu huyo kwa infraredi. Baadaye darubini za redio zilimkuta katika mawingu baridi yaliyo kati ya nyota, na kwenye baadhi yake anakaribia kulingana kwa wingi na mwenzake. Huko gesi ni nyembamba mno, na molekuli hukaa muda mrefu bila kugongana.