Al Ahly, Simba, Yanga na hofu inayowarudisha mabeki nyuma

Tarehe 2 Februari 2019 Simba ilifungwa na Al Ahly ya Misri mabao 5-0 kwenye Uwanja wa Borg El Arab, nje kidogo ya jiji la Alexandria. Mabao yote matano yaliingia kipindi cha kwanza. Siku kumi baadaye timu hizohizo zikakutana Dar es Salaam, kwenye uwanja ambao wakati ule bado tuliuita wa Taifa, na Simba ikashinda 1-0 kwa bao la Meddie Kagere.

Mimi ni kocha, na mechi hizi mbili nazitumia sana ninapowafundisha vijana. Hakuna benchi la ufundi linaloweza kubadilisha ubora wa kikosi kiasi hicho ndani ya siku kumi. Safari ipo, hali ya hewa ipo, mashabiki wapo, na mbinu za Patrick Aussems, kocha wa Simba wakati ule, nazo zilibadilika. Vyote hivyo nakubali. Lakini itazame ile 5-0 tena: kipindi cha pili hakuna aliyefunga. Ahly walikuwa wameshamaliza kazi na bila shaka walipunguza mwendo. Hata hivyo Simba nao walikuwa wamefikwa na lile walilokuwa wakiliogopa, na mtu aliyekwisha kufikwa na jambo hana tena sababu ya kuliogopa.

Al Ahly ya mwaka ule ilikuwa imeshatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mara 8. Leo ni mara 12. CAF, shirikisho la soka Afrika, iliitangaza klabu bora ya karne ya 20 barani. Mchezaji anayepanda ndege kwenda Misri anayabeba hayo yote kichwani, na mashabiki wengi wanadhani kinachofuata ni miguu kutetemeka. Nimekaa na wachezaji vyumbani kabla ya mechi kubwa, na kutetemeka ni kitu kidogo sana. Dakika tatu za mchezo zinatosha kukimaliza. Hofu inayofungisha timu ni ile inayoingia kwenye maamuzi, na mwenyewe mara nyingi hajui kama imeingia.

Nieleze inavyokwenda. Beki wa kati anajua straika anayemkabili ana kasi, au amesikia hivyo. Anarudi hatua mbili ili asipitwe. Mwenzake anarudi naye, kwa sababu yule aliyerudi ameshamweka mpinzani kwenye nafasi halali, na kubaki juu hakumfanyi tena aotee. Kiungo mkabaji anageuka, anakuta pengo limefunguka nyuma yake, naye anashuka. Sasa timu nzima iko karibu na kumi na nane, na straika wao amebaki peke yake mbele, mita thelathini kutoka kwa mwenzake wa karibu. Mpira unaookolewa hauna pa kwenda. Unarudi. Mpinzani anauokota akiwa huru, anapiga krosi, inatoka kona. Baada ya kona tano bao linaingia, na mtangazaji anasema timu kubwa imeonyesha ubora wake. Ubora upo, sibishi. Ila mita ishirini za uwanja walipewa bure na hatua mbili za beki mmoja ambaye alikuwa bado hajapitwa hata mara moja.

Hilo liko kila mahali mpira unapochezwa. Kwetu Tanzania kuna uzito mwingine juu yake, na ndio uliofanya niandike makala hii.

Mchezaji wa timu ya mkoani anayekuja kucheza na Simba au Yanga amekulia kwenye nyumba yenye mojawapo ya timu hizo mbili. Baba yake ni mwana Msimbazi, yaani wa Simba, au mjomba wake ni Mwananchi wa Jangwani, yaani wa Yanga. Mtaani wanamjua anashabikia wapi tangu akiwa na miaka sita. Siku ya mechi, kipa akiutema mpira mbele ya straika wa Simba, mashabiki wa Yanga watasema ameuza mechi. Beki akiteleza mbele ya winga wa Yanga, wa Simba watasema vivyo hivyo. Video fupi itazunguka kwenye simu kabla basi la timu halijatoka getini, na kijana ambaye amekosea kama wanavyokosea wote atakaa wiki kadhaa akijibu maswali ya ndugu zake, na pengine ya viongozi wake.

Kwa hiyo kinachomsumbua zaidi si kufungwa. Kufungwa na Simba hakumwaibishi mtu, kila mmoja anakutarajia. Kinachomsumbua ni kuonekana yeye ndiye chanzo. Na mtu anayeogopa kuonekana chanzo anacheza kwa namna inayojulikana: hapigi pasi ya katikati, anabutua. Hatoki kukaba, anangoja mwingine atoke. Kipa haji kuchukua krosi, anabaki kwenye mstari, maana bao la kichwa atalaumiwa beki. Kila mmoja amejilinda, na timu imebaki bila mlinzi. Huu mimi nauona ndio mtaji mkubwa kuliko yote ambao jina kubwa linawapa wenye nalo, na hauonekani kwenye takwimu yoyote ya mechi.

Kuna na upande wa tamaa, ambao hausemwi sana. Wengi wa vijana hawa wanataka kusajiliwa na haohao wanaocheza nao. Ni haki yao, mshahara wa kule ni maisha mengine. Lakini kijana anayetaka kuonekana na benchi la wapinzani atapiga chenga mahali pa kupiga pasi, na atasita kumkaba kwa nguvu nyota ambaye kesho anatamani awe mwenzake.

Jina lina saa zake za kazi, na ukizijua utaiona mechi kwa jicho tofauti. Zipo dakika za mwanzo, pale safu inaporudi kabla haijarudishwa. Halafu zipo za mwisho. Katikati hapo, nusu saa nzima au zaidi, unakuta timu ndogo inacheza mpira wake vizuri tu.

Kwa dakika za mwisho, Ahly ni darasa. Mwaka 2006 walitoka sare ya 1-1 Cairo katika fainali ya kwanza na CS Sfaxien. Marudiano Radès, Tunisia, yakafika dakika za nyongeza bila bao, na kombe likiwa la Sfaxien kwa faida ya bao la ugenini, maana mabao yakilingana lililofungwa ugenini ndilo lililoamua. Mohamed Aboutrika akafunga. Mwaka 2020, fainali na Zamalek, ni 1-1 hadi dakika ya 86 ambapo Mohamed Magdy, wanayemwita Afsha, akatikisa nyavu. Mwaka 2023 walikwenda Casablanca wakiwa na ushindi wa 2-1, Wydad wakatangulia na kombe likawa lao kwa bao la ugenini, hadi Mohamed Abdelmonem alipofunga kwa kichwa kutokana na kona dakika ya 78. Anayecheza na Ahly leo ameyaona au amesimuliwa haya. Ikifika dakika ya 80 anaanza kuyangoja. Na timu inayongoja bao inakaa ndani ya kumi na nane, inatoa kona na faulo, yaani inampa Ahly vitu vilevile vinavyozaa mabao ya dakika ya 86.

Manchester United ya Alex Ferguson iliishi hivyo kwa miaka. Mabao mawili ya Steve Bruce dhidi ya Sheffield Wednesday mwaka 1993, la pili likiwa ndani kabisa ya muda wa nyongeza. Teddy Sheringham na Ole Gunnar Solskjaer kule Camp Nou mwaka 1999 dhidi ya Bayern Munich. Kila bao la namna hiyo lilifunga mechi moja na kuanza kuifanyia kazi nyingine ambayo haijachezwa.

United hiyohiyo ndiyo inayoonyesha jina linavyokwisha. Msimu wa 2012/13 walikuwa mabingwa kwa pointi 89. Ferguson akastaafu, David Moyes akaingia, wachezaji karibu wote wakabaki, akaongezwa Marouane Fellaini na baadaye Juan Mata. Wakamaliza nafasi ya 7 na pointi 64. Old Trafford walipoteza mechi 7 za ligi. West Bromwich Albion walishinda pale kwa mara ya kwanza tangu 1978, Everton tangu 1992, Newcastle tangu 1972. Ukiuliza nini kilibadilika utapewa majibu mengi ya mbinu, na mengi ni ya kweli. Mimi naongeza hili: West Brom waliposhinda mwezi Septemba, makocha wote waliokuwa na safari ya Old Trafford mbele yao walipata kitu cha kuwaonyesha wachezaji wao kwenye skrini. Everton na Newcastle wakaja Desemba, mmoja nyuma ya mwingine, wote wakaondoka na 1-0. Mabeki hawakurudi zile hatua mbili.

Simba nayo ilijenga jina lake hapahapa, na ilijenga haraka. Msimu ule wa 2018/19 ugenini kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika ilikuwa majanga: 5-0 Kinshasa kwa AS Vita, 5-0 Misri, na kule Algeria kwa JS Saoura walipoteza pia. Nyumbani walishinda mechi zote tatu na wakaenda robo fainali. Mwaka 2021 Ahly wakarudi Dar, wakafungwa tena 1-0, safari hii na Luis Miquissone. Uwanja ulikuwa umeshapewa jina la Benjamin Mkapa, na ule msemo wa "Kwa Mkapa hatoki mtu" ukawa unasafiri mbele ya timu. Machi 2023 Horoya ya Guinea ilipokuja, ilifungwa 7-0.

Mwezi mmoja kabla ya Horoya, Februari 2023, Raja Casablanca walikuja uwanja huohuo, kelele zilezile, wakashinda 3-0. Raja wanacheza nyumbani mbele ya mashabiki ambao ni miongoni mwa wenye kelele kubwa Afrika, na kwao uwanja uliojaa ni jambo la kila wiki. Hivyo jina la uwanja halina nguvu sawa kwa kila mgeni. Mashabiki wa Simba wasinielewe vibaya: kelele zinasaidia, na si kwa wachezaji tu, hata waamuzi. Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, iliporudi Mei 2020 bila watu majukwaani, ushindi wa nyumbani ulipungua waziwazi. Ila kelele zinamtisha yule aliyekuja na kitu cha kutishika.

Sasa Ihefu, klabu ya Mbarali. Yanga walikuwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza walipofika Mbarali, Uwanja wa Highland Estates, tarehe 29 Novemba 2022. Wenyeji walikuwa kwenye hali mbaya katika msimamo. Yanga wakatangulia kufunga, na kwa mechi 49 za nyuma hapo ndipo habari ilipokuwa ikiishia. Timu nyingi zikifungwa na Yanga bao la mapema zilikuwa zinabadilisha lengo papo hapo: zinaanza kulinda lisiwe la pili na la tatu. Ihefu walisawazisha kwa mpira wa adhabu wa Never Tigere, kisha Lenny Kissu akafunga la ushindi. 2-1.

Ninachokithamini zaidi ni kilichotokea Oktoba 2023. Yanga walirudi palepale wakiwa na kikosi ambacho mwezi mmoja baadaye kingewafunga Simba 5-1, na Ihefu wakashinda tena 2-1. Klabu ile baadaye ilihamia Singida na jina likabadilika kuwa Singida Black Stars, lakini mechi zile mbili zinabaki kuwa somo. Mara ya kwanza mtu angeweza kusema ni bahati. Mara ya pili kila mwenye jezi ya Ihefu aliingia akijua jambo hili limewahi kufanyika hapa, kwenye nyasi hizi.

Timu yangu inapokaribia mechi ya namna hii simwambii mchezaji asiogope. Hilo ni neno tupu, halimwambii afanye nini mpira ukimfikia. Nampa kazi. Kipa wangu lazima aanze mpira wa kwanza wa mechi kwa pasi fupi kwa beki, hata wakituwekea presha, ili timu nzima ione kwamba tumekuja kucheza. Kwenye mazoezi ya wiki ile tunapanga koni mita 25 kutoka golini, na safu inajifunza kutoshuka chini ya hapo maadamu aliye na mpira anakabwa. Mpinzani akirudisha mpira nyuma, wote tunapanda hatua tano pamoja, na beki wa kati mmoja ndiye mwenye sauti ya kuita. Dakika kumi za mwisho tukiwa tunaongoza, simwingizi beki wa tano. Namwingiza kijana mwenye mbio na kumwacha karibu na mstari wa kati, ili mabeki wao wawili wabaki naye badala ya kuja kwenye kona zetu.

Kuhusu lawama, ambazo ndizo mzizi, naongea siku ya kuamkia mechi mbele ya viongozi na wachezaji wote. Nasema pasi ya kutoka nyuma ni agizo langu. Atakayepora mpira miguuni mwa beki wetu na kufunga amefunga kwa kosa la kocha, na nitakwenda mimi kwa waandishi kulisema hivyo, bila kutaja jina la kijana. Viongozi wengine hawalipendi, kwa sababu baada ya 4-0 wanataka mtu wa kumtupia mashabiki. Nawaomba waniambie palepale kama hawakubali, wachezaji wakisikia. Kabla kikao hakijaisha, mabeki wananiuliza wakiwa na mpira na winga anakuja, wapitishe upande gani.