Bwawa na jakuzi melini: maswali kutoka Mwanza

Kijana wetu anafanya kazi kwenye meli ya watalii na ametualika. Sisi watu wa Kirumba tumeoga ziwani tangu utotoni. Bwawa la meli lina la kutisha?

La ziwani halimo: kichocho. Kule ziwani konokono wadogo wa kwenye majani ya ufukweni hutoa vijidudu vinavyopenya ngozi, hasa jua la mchana likiwaka. Bwawa lenye klorini halina konokono hao. Huko uchafu huletwa na waogaji wenyewe, maana maji ni kidogo na watu ni wengi. Halafu si kila meli ina mwokoaji, kwa hiyo mtoto asiachwe peke yake hata kwenye maji ya magotini.

Nina kichocho. Nitawaambukiza wenzangu bwawani?

Hapana. Mayai yake hayawezi kumdhuru mtu mpaka yapite kwanza kwa konokono. Lakini tibiwa kabla ya safari. Dawa ya prazikwanteli hutolewa kwa uzito wa mwili.

Klorini ikinuka sana, si ndiyo maji safi?

Wengi wanaamini hivyo, na ni kinyume. Harufu ile ya kuwasha macho hutokea klorini inapokutana na jasho na mkojo. Oga kwa sabuni kabla ya kuingia, hata kama umetoka kuoga chumbani na kujipaka mafuta.

Mjukuu aliharisha juzi, sasa mzima. Aingie?

Asubiri. Kuna kijidudu cha kuharisha, kriptosporidiamu, kinachoweza kuishi zaidi ya siku 7 kwenye maji yenye klorini ya kawaida. Kama ndicho kilichomuumiza, akae nje wiki 2 baada ya kupona. Na mtoto wa pampasi asiingie. Pampasi haizuii kitu majini.

Na jakuzi, lile beseni kubwa la maji moto yenye mapovu?

Hapo ndipo pa kuangalia zaidi. Joto hula klorini upesi, na mapovu hurusha matone madogo ambayo mnayavuta puani. Maji yasipotunzwa hubeba bakteria wa lejionela, wanaoleta nimonia kali. Tumbukiza mkono kwanza: ukuta ukiteleza kama kambale, au maji yakiwa na ukungu, ondoka. Joto lisizidi nyuzi 40, na dakika 15 zinatosha. Mjamzito amuulize daktari wake kwanza. Anayemeza dawa za presha atoke taratibu akishika chuma, kwa kuwa joto hushusha presha na kizunguzungu hufuata. Bia ibaki nje. Watoto chini ya miaka 5, hapana kabisa.

Nikirudi nyumbani nikapata homa?

Nimonia ya lejionela huanza kati ya siku 2 na 14, kwa hiyo inaweza kukukuta umeshafika Mwanza. Ukiwa na homa, kikohozi na kubanwa na pumzi, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme mapema kwamba ulikaa kwenye jakuzi la meli. Amoksilini haiwawezi bakteria hao, na daktari asipoambiwa anaweza kuanza nayo.