Chombo hiki kinaingia kwenye mashine? Tazama mwili, maungio na kilichopakwa juu

Watu wakiuliza kuhusu mashine ya kuoshea vyombo hutaja jina la chombo: kikaango kinaingia? Kisu je? Jina halisaidii. Vikaango viwili vinavyofanana kwa umbo, kimoja utakiosha humo miaka na kingine kitaharibika siku ya kwanza. Mimi hutazama mambo matatu: mwili wa chombo, maungio yake, na kilichopakwa juu.

Mashine haisugui. Inarusha maji ya moto, kwa kawaida ya nyuzi 45 hadi 75 za Selsiasi kutegemea programu, yaliyochanganyika na sabuni kali ya jamii ya magadi, yaani alkali. Sabuni ya kuoshea kwa mkono huwa na pH (kipimo cha uasidi na ualkali) iliyo karibu na 7, yaani katikati. Ya mashine huvuka 10. Programu ya kubana umeme inaweza kuchukua muda wa saa tatu na zaidi. Yaani kazi ya mkono na sifongo humo inafanywa na kemikali, joto na muda, na chombo kinatakiwa kivumilie vyote vitatu kwa pamoja.

Alumini haivumilii. Inajikinga kwa utando mwembamba wa oksidi usioonekana kwa macho, na utando huo huyeyuka kwenye alkali. Ukishaondoka, alumini yenyewe inaanza kuliwa: sufuria inatoka ikiwa ya kijivu au nyeusi, na ukiipitisha kidole kinachafuka. Kuirudisha mashineni ili itakate ni kuongeza ugonjwa. Sufuria, trei za kuokea, birika za kahawa na vinu vya kusagia nyama vya alumini vioshwe kwa mkono, hata kama kiwandani vimepewa rangi ya kupendeza, kwa kuwa rangi hiyo nayo hupauka.

Chuma cha pua kinaingia bila wasiwasi. Alama ya 18/10 chini ya sufuria au mgongoni mwa kijiko maana yake ni kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10, na kromiamu ndiyo inayozuia kutu. Visu ni habari nyingine. Ili kisu kishike makali, chuma chake hupewa kaboni zaidi na kromiamu pungufu, ndiyo maana kisu hutoka na vidoa vya kutu huku vijiko vya jirani viking'aa. Makali nayo hugongana na vyombo vingine. (Ukiona kutu kwenye kijiko kizuri, usikilaumu haraka, mara nyingi imesafiri na maji kutoka kwenye kisu au kikwaruzio kibovu kilichokuwa humo.)

Kikaango cheusi cha chuma cha kusubu hakiingii kabisa. Ule weusi ni mafuta yaliyoungua na kugandamana na chuma. Sabuni inayavua, na kutu inaanza kabla mashine haijamaliza kukausha.

Sasa maungio. Mbao hunyonya maji ikavimba, kisha hukauka ikasinyaa. Mwiko na kibao cha kukatia hupasuka, na mpini uliogundishwa hulegea. Chupa ya chai yenye kuta mbili ina ombwe (nafasi isiyo na hewa) katikati, na joto la kurudiarudia linaweza kuchosha muhuri wake. Ukiitikisa ukasikia maji yanacheza ndani ya ukuta, au ukitia chai ya moto ganda la nje likapata joto, imekwisha. Mfuniko wa sufuria ya presha, toa kwanza mpira na vali uvioshe pembeni.

La tatu, kilichopakwa juu. Kwenye sahani za kaure, pitisha ukucha juu ya ua la pambo. Ukigusa ukingo ulioinuka, ua limechorwa juu ya ung'avu (tabaka la kioo linalofunika kaure) na litafutika taratibu. Uso ukiwa laini moja kwa moja, ua limefunikwa na liko salama zaidi. Mistari ya dhahabu haidumu. Kikaango kisichoshika chakula huliwa kuanzia ukingoni na kwenye mikwaruzo, pale sabuni inapoifikia alumini iliyo chini ya utando.

Glasi zikishika ukungu, ziloweke kwenye siki kama dakika tano. Ukungu ukitoka, ilikuwa chokaa ya maji tu. Ongeza chumvi ya mashine, ile maalumu ya kulainisha maji. Usipotoka, uso wa glasi umeshaliwa na haurudi. Hili hutokea zaidi kwenye maji laini, ambayo hayana madini ya kuipunguzia sabuni ukali, hasa sabuni ikizidi na joto likiwa juu. Kwa glasi, nyuzi 50 au chini zinatosha.

Plastiki isome namba iliyo chini yake, ndani ya pembetatu. Namba 5 huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, kwa hiyo ina nafasi ya kutosha. Namba 1 huanza kulainika kwenye 70 hadi 80 na itapinda. Hata namba 5 iweke trei ya juu, kwani mashine nyingi zina koili ya joto chini.

Kama chombo hakina alama ya sahani na matone ya maji, inayoonyesha kwamba kinaingia mashineni, nacho ni cha seti, teua kimoja tu, kioshe humo kwa wiki kadhaa, kisha kiweke kando ya wenzake kwenye mwanga wa dirisha ukilinganishe.