Fundi Wako Yuko Mtaani, Tangazo Lako Ndilo Halimfikii

Kuna sentensi imezoeleka mno kwenye matangazo ya kazi nchini Tanzania: "mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45." Serikalini hesabu yake inaonekana. Mtumishi anastaafu kwa lazima akifika miaka 60, na ili alipwe pensheni ya kila mwezi anatakiwa awe amechangia miezi 180, yaani miaka 15. Arobaini na tano ongeza kumi na tano, sitini. Lakini sentensi hiyohiyo utaikuta pia kwenye tangazo la kiwanda cha mikate, la nyumba ya wageni, la karakana ya ushonaji. Muulize mwenye karakana kwa nini ameiweka. Mara nyingi atakwambia ameikuta kwenye tangazo la mwingine, naye akanakili. Huku Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inautaja umri waziwazi kati ya mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kuyatumia kumbagua mtu.

Mwajiri huyohuyo ndiye hutujia akilalamika kwamba mafundi hawapatikani.

Chukulia karakana ya ushonaji mjini Morogoro, mji uliokuwa na viwanda vya nguo na turubai. Msichana aliyeanza kazi kwenye kiwanda kama hicho mwaka 1990 akiwa na miaka 20, leo yuko katikati ya hamsini. Anajua kukata kitambaa bila kupoteza hata kipande, anajua mashine ikianza kuruka nyuzi shida iko wapi. Pengine anauza maandazi kibarazani kwake. Hana wasifu uliochapwa, hayumo kwenye kundi la WhatsApp la nafasi za kazi, na hata tangazo likimfikia, mstari wa umri unamrudisha mlangoni. Ila mwenyekiti wa mtaa anamjua. Wenzake wa kikoba wanamjua, jumuiya yake kanisani au akina mama wa msikitini wanamjua, na baraza la wazee la mtaa linaweza kukutajia wengine watano wa aina yake.

Kwa hiyo njia ya kumpata inapita kwa watu hao. Ushirikiano na jamii ninaouzungumzia hauhitaji semina wala mabango. Ni barua ya ukurasa mmoja kwa ofisi ya serikali ya mtaa, kwa SACCOS na kwa chama cha wastaafu: tunahitaji washonaji wanne, kazi ni hii, saa ni hizi, malipo ni haya, umri si kikwazo. Isomwe kwenye mkutano wa mtaa na kwenye matangazo baada ya ibada. Ofisi ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nayo ihusishwe mapema, kwa sababu inao utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa kwa kazi anayoijua, akifaulu anapewa cheti. Kwa mtu aliyeshona miaka ishirini bila karatasi, cheti hicho kinaondoa hoja ya "hana sifa" iliyokuwa ikimkwamisha.

Tahadhari moja, na hii naisema kwa uzoefu. Usimtegemee mtu mmoja kukuletea majina. Ukimwachia kiongozi mmoja peke yake, orodha itajaa shemeji na binamu zake, na mwingine ataanza kudai chochote kutoka kwa wanaoitafuta kazi. Pokea majina kutoka sehemu mbili au tatu, kisha wapime wote kwa kuwakalisha kwenye mashine.

Wajapani wameufanya uunganishaji huu wa mzee na mwajiri kuwa taasisi. Mwaka 1975 jijini Tokyo kilianzishwa kituo cha kuwatafutia wazee kazi za mtaani, na mwaka 1986 sheria ikavitambua vituo vya aina hiyo, vinavyoitwa Silver, nchi nzima. Mwanachama anatakiwa awe na miaka 60 au zaidi. Kaya, kampuni au manispaa inapeleka kazi kituoni: kupogoa miti, kulinda maegesho ya baiskeli, kubandika upya karatasi za milango ya kuteleza. Kituo kinawagawia wanachama, na mmoja hufanya takribani siku kumi kwa mwezi. Malipo ni ya nyongeza tu, hayatoshi kuendesha nyumba, na nisingependa tuige hilo. Cha kuiga ni kwamba mzee hahangaiki kubisha hodi mlango kwa mlango, na mwajiri ana mahali pamoja pa kuuliza.

Kumpata ni nusu ya kazi. Kumbakiza kunategemea mambo madogo ambayo afisa utumishi kijana huwa hayaoni. Macho, kwa mfano. Karibu kila mtu akivuka arobaini huanza kupata shida ya kuona vitu vya karibu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wachuma chai 751 wa Assam, India, wote wenye miaka 40 na zaidi, waligawanywa makundi mawili na kundi moja likapewa miwani ya kusomea. Tija ya waliopewa iliongezeka kwa karibu asilimia 22 zaidi ya wenzao; kwa waliozidi miaka 50 tofauti ilikaribia asilimia 32. Ni miwani tu. Ikiwa kuchuma jani la chai kunahitaji jicho kiasi hicho, fikiria kupitisha uzi kwenye tundu la sindano.

Saa za kazi nazo zipangwe upya. Mama wa miaka 56 huenda ana mjukuu wa kumpeleka shule na kliniki ya presha mara moja kwa mwezi. Zamu ya saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana anaimudu vizuri, na karakana inapata saa tano za mtu ambaye haharibu kitambaa. Sheria niliyoitaja inautambua pia mkataba wa kazi mahususi, unaofaa kwa msimu wa sare za shule.

Kisha kuna suala la msimamizi. Kijana wa miaka 27 kumkosoa mtu wa rika la mama yake ni jambo zito kwetu. Wengine wanakaa kimya na kazi mbovu inapita. Wengine wanafoka, na yule mama kesho haji. Wafundishwe kukosoa nguo kwa vipimo vilivyobandikwa ukutani, baada ya shikamoo. Na mfanyakazi akikosekana siku mbili bila taarifa, usikimbilie barua ya onyo. Mpigie mtu wa mtaani aliyemleta: yeye ndiye atakayejua kama kuna msiba, ugonjwa au ugomvi wa hapo kazini.

Nitaulizwa, na vijana je? Wakae meza moja na mafundi hao. Mpe kila fundi wa zamani kijana mmoja wa kumfundisha, na umlipe posho kwa kazi hiyo ya kufundisha. Vijana angalau wana fungu lao katika mikopo inayotokana na asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwanamume wa miaka 58 asiye na ulemavu hayumo.

Kabla ya kusaini mkataba, mwombe mwajiriwa mpya aangalie michango yake NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Wengi waliopunguzwa viwandani waliacha michango njiani. Mwenye miaka 52 na miezi 100 kwenye akaunti amebakiza 80, yaani miaka sita na miezi minane. Akichangiwa kila mwezi bila kuruka, miezi 180 itatimia akiwa na miaka 58 na miezi minane, kabla ya sitini. Mwoneshe hesabu hiyo kwenye karatasi siku ya kwanza, halafu umpe risiti ya mchango kila mwisho wa mwezi.