Mpango wa muda mrefu wa watumishi wa afya ni nini?

Ni hesabu ya nchi kuhusu watu: miaka kumi au ishirini ijayo tutahitaji madaktari, wauguzi, wakunga, wafamasia na wataalamu wa maabara wangapi, watasomea wapi, nani atawalipa, na nini kitawafanya wabaki kazini.

Ugumu wake ni muda. Daktari husoma miaka mitano au sita, kisha hufanya mafunzo kwa vitendo. Akitaka ubingwa huongeza mitatu au zaidi. Kwa hiyo bingwa wa watoto atakayehitajika mwaka 2040 huenda leo yuko sekondari, ilhali bajeti nyingi za serikali hupangwa mwaka hadi mwaka.

Wengi huuchanganya mpango huu na ikama. Ikama hutaja nafasi zinazotakiwa katika kituo, basi. Haisemi kama fedha za kuzijaza zipo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba ifikapo 2030 dunia itapungukiwa na watumishi wa afya wapatao milioni 11, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Na bado, katika baadhi ya nchi hizohizo, wauguzi wenye leseni wamekaa nyumbani bila ajira. Mgonjwa yupo, muuguzi yupo, fungu la mshahara halipo. Kwangu hili ndilo linaloumiza kuliko yote, na ndiyo maana mpango ulioandikwa na wizara ya afya bila wizara ya fedha mezani ni nusu ya mpango.

Hesabu yenyewe haitoshi kufanywa kwa idadi ya watu peke yake. Kituo kinachozalisha akina mama wengi kinahitaji wakunga wengi kuliko jirani yake, hata kama vyote viwili vinahudumia watu idadi moja. Ndipo hupimwa mzigo wa kazi: kila huduma huchukua muda gani, na mtumishi mmoja ana saa ngapi za kazi kwa mwaka ukitoa likizo, mafunzo na siku za ugonjwa.

Kisha kuna wanaoondoka. Kanuni za kimataifa za mwaka 2010 kuhusu kuajiri watumishi wa afya kutoka nje huzitaka nchi zisiende kuwatafuta kule kwenye uhaba mkubwa, lakini ni za hiari. Nyumba ya kuishi, mshahara unaofika kwa wakati na nafasi ya kujiendeleza lazima viwemo kwenye mpango tangu mwanzo, na daftari la usajili lisafishwe kila mwaka, ili waliostaafu, waliofariki na waliohama wasiendelee kuhesabiwa kama wako wodini.