Mkanda wa injini ukilia, sikiliza kabla hujanunua mwingine

Kiangazi kikikolea hapa Tabora, vumbi jekundu haliachi kitu, na asubuhi magari mengi huwashwa kwa mlio mkali unaosikika hadi nyumba ya pili. Mwenye gari hukimbilia duka la spea akanunua mkanda mpya. Wiki haiishi, mlio umerudi, na muuza spea anaambiwa kauza feki. Pengine ni kweli. Lakini tunayoyaona katika karakana ya chuo ni kwamba mara nyingi mkanda wenyewe hauna kosa, tatizo liko kwenye puli (gurudumu ambalo mkanda hupita juu yake) au tenshena (kifaa kinachoukaza mkanda).

Mkanda huo, ambao wengi tunauita fenibelti, huchukua nguvu kwenye puli ya chini ya injini na kuzungusha altaneta inayochaji betri, na katika magari mengi pampu ya maji, pampu ya stelingi na kompresa ya AC. Kimoja kikikwama au kikikaa upande, mkanda ndio unaopiga kelele.

Kwa hiyo anza na sikio. Mlio mrefu unaozidi ukiwasha AC, au ukikata stelingi hadi mwisho, maana yake mkanda unateleza: umelegea, tenshena imechoka, au umelowa oili au kulanti, yaani maji ya kupozea injini. Mlio mfupi mfupi unaojirudia, kama wa vifaranga, huashiria puli ambazo hazijakaa mstari mmoja. Mngurumo mzito wa kukwaruza ni wa beringi, ile inayoifanya puli izunguke laini, na hapo mkanda mpya hautasaidia chochote.

Ukiwa na shaka, tumia maji. Injini ikiwa inaunguruma, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia upande wa mkanda wenye mifereji. Mlio ukikoma kisha ukarudi baada ya muda mfupi, kagua mpangilio wa puli. Ukizidi, mkanda unateleza, kagua mkazo wake. Funga mikono ya shati, vua tai au mtandio, na vidole vikae mbali. Wasaidizi wa gereji huweza kuumia hapa, hata kama kazi haionekani ya hatari.

Hatua inayofuata ni kuzima injini, kuchomoa waya hasi wa betri, kutoa mkanda na kuzungusha kila puli kwa mkono. Iliyo nzima huzunguka kimya bila kucheza. Inayokwaruza au kuyumba ndiyo ya kubadilisha. Ukikuta oili, ziba kwanza inakovuja, maana mkanda mpya utaharibika vilevile.

Mikanda ya siku hizi haipasuki kirahisi kama ile ya zamani. Huisha polepole kwa mifereji kuliwa, hivyo kutoona nyufa si ushahidi kwamba mkanda ni mzima. Magari ya mikanda miwili sambamba, mfano Land Cruiser za injini ya 1HZ, hubadilishiwa yote miwili kwa pamoja. Ukiweka mmoja mpya na mmoja wa zamani, mpya ndio utakaobeba sehemu kubwa ya mzigo.

Wapo wanaopaka sabuni ya kipande, grisi, hata nta, na nta huku kwetu si bidhaa ya kutafuta. Kelele hunyamaza kwa siku chache, kisha vumbi hunasa humo na kusaga mkanda na puli. Usikaze kupita kiasi pia, utaua beringi ya altaneta.

Kabla ya safari ya Sikonge, Ipole hadi Mpanda, ambako gereji ziko mbali moja na nyingine, fanya ukaguzi huu nyumbani. Taa ya betri ikiwaka njiani na stelingi ikawa nzito ghafla, simama mara moja na uzime injini: huenda mkanda umekatika, na kama ndio unaozungusha pampu ya maji, injini itachemka ndani ya dakika chache.